Dakika Mbili na Nusu: Kweli na Uongo Kuhusu Moto Katika Nyumba za Wazee

Kengele ya moto ililia saa 10:28 alfajiri. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 31 Januari 2004, katika nyumba ya wazee ya Rosepark, Uddingston, karibu na Glasgow, Scotland. Wazee 40 walikuwa wamelala, na wahudumu wa zamu ya usiku walikuwa wanne. Simu kwa zimamoto ilipigwa saa 10:37. Katika dakika hizo tisa wahudumu hawakuwa wamekaa. Waliitazama paneli ya kengele, wakaenda huku na huko wakitafuta moto uko wapi, na kama upo kweli. Moto ulikuwa kabatini, kwenye korido ya vyumba vya kulala, na ulianza kwa hitilafu ya umeme. Moshi ukawakuta wazee vyumbani mwao. Wazee 14 walifariki, wengine palepale, wengine hospitalini.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kinawagusa wasomaji wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Jamaa zetu kutoka Mombasa, Tanga, Kampala na Bukavu wanafanya kazi ya kuwatunza wazee Uingereza, Marekani na Kanada. Ndio wanaobaki macho nyumba nzima ikiwa imelala. Ukiwauliza moto ukitokea watafanya nini, wanakujibu kwa yale waliyoyapokea kwa wenzao wa zamu. Mengine ni sahihi, mengine ni nusu sahihi, na hilo la nusu ndilo ninaloliogopa zaidi, maana mtu hulifuata kwa moyo mmoja.

"Kila mzee lazima awe nje ndani ya dakika mbili na nusu"

Si kweli, ingawa namba yenyewe haikuzuka hewani. Watu wa zimamoto wa Uingereza huirudisha hadi Edinburgh, tarehe 9 Mei 1911. Usiku huo, katika ukumbi wa Empire Palace, mwanamazingaombwe aliyejiita The Great Lafayette alikuwa akikaribia kumaliza onyesho lake mbele ya watazamaji wapatao 3,000. Taa ikaunguza mapambo ya jukwaa. Pazia la kuzuia moto likashushwa, bendi ikapiga wimbo wa taifa, na watazamaji wakasimama na kutoka kwa utaratibu. Inasimuliwa kwamba wimbo ulipokwisha ukumbi ulikuwa mtupu, na kwamba muda huo ulikuwa kama dakika mbili na nusu. Nyuma ya pazia hali ilikuwa nyingine: Lafayette mwenyewe na wenzake wapatao 10 walikufa.

Kisa hicho kiliingia katika maandishi ya wataalamu wa majengo. Ripoti ya serikali ya mwaka 1952 kuhusu moto majengoni ilikitumia, na kutoka hapo dakika mbili na nusu zikasambaa: majumba ya sinema, maduka, ofisi, hoteli, hadi zikafika kwenye korido za nyumba za wazee.

Sasa watazame wale waliotupa namba hiyo. Walikuwa watu waliokata tiketi, wamevaa viatu, wako macho, wameketi wakiitazama hatari kwa macho yao, na kila mmoja alisimama kwa miguu yake. Weka mahali pao bibi wa miaka 88 mwenye nyonga iliyovunjika, amekunywa dawa ya usingizi saa 3 usiku, miwani iko mezani na kifaa cha kusikilizia kimo ndani ya kikombe. Ukimpa bibi huyu saa ya watazamaji wa Edinburgh, umemwonea. Na ukimpa mhudumu wake saa hiyo hiyo, umemfundisha kukata tamaa kabla hajaanza.

Katika miongozo ya Uingereza kwa nyumba za wazee, dakika hizo zinahusu jambo dogo zaidi, tena la maana zaidi. Ni muda wa kumtoa mtu kwenye sehemu ya jengo iliyo hatarini hadi nyuma ya ukuta na mlango unaozuia moto. Safari ya kwenda bustanini haimo ndani ya hesabu hiyo. Pia miongozo inakubali kwamba muda unaweza kuwa mrefu zaidi endapo jengo lenyewe linaweza kuununua, kwa kuta zake, milango yake na vinyunyizio vyake vya maji. Kwa hiyo meneja anayesema "sisi tunatumia dakika mbili na nusu" ana deni la kueleza: kutoka wapi hadi wapi, kwa wahudumu wangapi, na saa ngapi ya usiku?

"Marekani wana dakika 3 na dakika 13"

Kweli. Kanuni ya usalama wa uhai wanayoiita NFPA 101 inazigawa nyumba ndogo za kutunzia watu katika mafungu matatu kufuatana na uwezo wa wakazi wake kuhama. Wakiweza kufika mahali salama ndani ya dakika 3, nyumba ni ya wepesi. Wakizidi 3 lakini wasivuke 13, ni ya wataratibu. Wakivuka 13, kanuni inasema wazi kwamba kuwahamisha wote kwa wakati si jambo la kutegemewa.

Ninachokipenda hapa ni kwamba namba haitumiki kama fimbo ya kuwakimbizia wazee. Inatumika kuliamua jengo. Nyumba ikipimwa ikaonekana ni ya wataratibu, mzigo unahamia kwenye kuta, kengele na vinyunyizio, ambavyo sasa lazima viwe imara zaidi. Mzee amekuwa mzito mwaka huu kuliko mwaka jana? Basi jengo, au idadi ya wahudumu, vifanyiwe hesabu upya. Nyumba nyingi hupimwa siku ya kufunguliwa, wakati wakazi wake bado wanatembea na fimbo. Miaka sita baadaye wakazi wale wale wamelala vitandani, na karatasi ukutani haijabadilika hata herufi.

"Kuokoa maana yake ni kumtoa mzee nje ya jengo"

Si kweli, na hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wahudumu wengi wapya hukosea kwa nia njema kabisa.

Nyumba ya wazee iliyojengwa vizuri imekatwa vipande, kama boti lenye vyumba visivyopitisha maji. Kila kipande, tukiite kanda, kimezungukwa na kuta na milango inayostahimili moto, kwa kawaida dakika 30. Kanuni za ujenzi za England zinataka kanda moja isizidi vitanda 10. Moto ukiwaka kanda ya kwanza, wakazi wake wanasogezwa kanda ya pili, kwenye sakafu ileile, bila ngazi. Mlango unafungwa nyuma yao. Hali ikiwa mbaya zaidi, wanasogezwa tena kanda ya tatu, na kutoka nje ni hatua ya mwisho. Wa kanda za mbali wanaweza kubaki vitandani, wakisubiri kwa utulivu, milango ikiwa imefungwa.

Tuchukue mfano, tena mfano tu. Kanda ina wazee 10, wahudumu wawili ndio wanaoweza kuikimbilia. Wazee watatu wanatembea wakishikwa mkono, watatu wanahitaji kiti cha magurudumu, wanne hawawezi kuketi. Wale watatu wa kwanza wanaongozwa pamoja: dakika 2. Wa viti, mhudumu mmoja kwa mzee mmoja, kumwinua, kumsukuma na kurudi, tuseme dakika 2 kila safari. Kwa wahudumu wawili ni safari mbili, yaani dakika 4. Wale wanne wanahitaji wahudumu wote wawili kwa kila mmoja, kwa shuka ya kuburutia iliyofungwa chini ya godoro: dakika 3 kila mtu, jumla 12. Hapo umefika dakika 18. Ongeza dakika 3 za kusikia kengele, kusoma paneli na kufika. Ni 21, na hakuna aliyejikwaa, hakuna aliyekataa kuondoka, hakuna kiti kilichokuwa na breki mbovu, na hakuna mhudumu aliyekuwa chooni na mzee wa ghorofa nyingine.

Mlango wa dakika 30 unawaachia dakika 9 za ziada. Basi! Huo ndio unene wa ukuta kati ya usiku wa kawaida na msiba. Ukifanya hesabu hiyo ukiwa na mhudumu mmoja badala ya wawili, wale wanne wa kitandani hawahesabiki tena.

Jambo linalowashangaza wengi ni utaratibu wa nani aanze. Aliye kwenye chumba chenye moto hutolewa kwanza kama inawezekana, mlango unafungwa, kisha vyumba vya jirani. Baada ya hapo mipango mingi huwatanguliza wanaotembea, kwa sababu kwa dakika mbili umeokoa watu watatu na korido imebaki wazi kwa magodoro. Moyo unakataa kumwacha asiyejiweza nyuma, nafahamu. Lakini anayebaki nyuma ya mlango uliofungwa hajaachwa. Mlango wake bado unamfanyia kazi.

"Hakikisha kwanza kuna moto, ndipo upige simu"

Si kweli. Hili ndilo lililogharimu zile dakika tisa za Rosepark. Waliochelewa hawakuwa watu wabaya. Kengele nyingi za nyumba za wazee hulia kwa mkate ulioungua, kwa mvuke wa bafuni, kwa dawa ya kupulizia nywele. Baada ya kengele ya kumi ya uongo, miguu huenda polepole yenyewe. Hakimu mkuu Brian Lockhart alisikiliza ushahidi kuhusu kisa hicho na kutoa uamuzi wake mwaka 2011. Aliona kwamba baadhi ya vifo vile, au vyote, vingeweza kuepukwa kama nyumba ingekuwa na mpango unaofaa wa usalama wa moto.

Waswahili husema pafukapo moshi pana moto. Kwa nyumba ya wazee usiku, kengele ikilia, ihesabu kuwa ndiyo huo moshi. Mmoja apige simu papo hapo, mwingine aende kuangalia. Ikiwa ni mkate, zimamoto wataambiwa warudi, na hakuna kijana wa zimamoto mwenye akili atakayekulaumu. Kama kengele za uongo zimezidi, dawa yake ni fundi wa kuhamisha kigundua moshi kilichowekwa karibu mno na jiko, wala si mhudumu kujifunza kupuuza.

"Zimamoto watakuja kuwabeba"

Watakuja, ndiyo. Kuwategemea kama mpango, hapana. England imeandika wazi katika miongozo inayotokana na sheria yake ya mwaka 2005 kwamba mpango wa kuwahamisha watu lazima uweze kufanya kazi bila wao. Katika miaka ya karibuni wastani wa magari yao kufika kwenye moto wa majengo umekuwa kama dakika 9, na hizo zinahesabiwa tangu simu ipokelewe. Vijijini ni zaidi. Wakifika, wanavaa mitungi ya hewa, wanauliza moto uko wapi, wanavuta mpira wa maji. Rudi kwenye mfano wetu: dakika zote hizo ndizo zilezile ambazo wahudumu wawili wanabeba watu.

"Kumfungia mzee mlango ni kumfungia ndani ya kifo"

Hili huumiza, kwa sababu linatoka kwenye huruma. Mhudumu anaacha mlango wazi ili amsikie bibi akikohoa, au kwa sababu bibi mwenyewe anaogopa giza na anataka kuona taa ya korido. Mwingine anaukwamisha kwa kiti, kwa pipa la taka, kwa kipande cha kadibodi, ili toroli ya dawa ipite. Kila kimoja kina sababu yake, na kila kimoja kinazifuta zile dakika 30 za mlango tulizozihesabu. Mlango ulio wazi hauzuii moshi hata kwa dakika moja. Rosepark, kufungwa au kutofungwa kwa milango ya vyumba lilikuwa moja ya mambo makubwa katika uchunguzi ule.

Mlango wa kuzuia moto ni kifaa, kama mtungi wa kuzimia moto ulivyo kifaa. Una mkono wa chuma unaouvuta ujifunge wenyewe, na pembeni una utepe unaovimba ukipata joto na kuziba mianya. Ukiuondoa mkono kwa kuwa "unampiga mzee mgongoni", umeondoa kifaa. Ufumbuzi upo na haugharimu kama msiba: sumaku inayoushikilia mlango ukiwa wazi na kuuachia kengele ikilia, au mkono unaomwachia mzee mlango mwepesi siku zote na kujikaza wakati wa kengele tu. Bibi anapata taa yake ya korido na mlango wake pia. Kama mwenye nyumba anasema hana fedha ya sumaku, mwambie akuonyeshe bajeti ya rangi ya ukumbi wa mapokezi.

"Ni miali inayoua"

Kwa sehemu kubwa si kweli. Ni moshi, na hasa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu. Ndiyo maana mtu anaweza kufa akiwa vyumba kadhaa mbali na moto, shuka yake ikiwa nyeupe.

Lakini miali nayo ina msaidizi ambaye wengi hatumfikirii: krimu za kulainisha ngozi. Wazee hupakwa kila siku kwa sababu ngozi yao ni nyembamba na kavu. Krimu inaingia kwenye gauni la kulalia na kwenye shuka, inakauka humo, na kitambaa hicho kikiguswa na njiti ya kiberiti au sigara hushika moto upesi kuliko kitambaa kisafi. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilipanua onyo lake mwaka 2018 liguse krimu zote za namna hiyo, hata zisizo na parafini. Kufua hupunguza mabaki bila kuyamaliza. Mzee anayevuta sigara na anayepakwa krimu anahitaji mtu wa kukaa naye anapovuta.

"Vinyunyizio vya dari humwaga maji nyumba nzima"

Hiyo ni sinema. Kila kichwa cha kinyunyizio kina kichupa kidogo au kiungo kinachopasuka kwa joto, na kinachofunguka ni kile kilicho juu ya moto. Moshi wa mkate haukifungui.

Tazama L'Isle-Verte, mji mdogo wa Quebec, Kanada. Usiku wa tarehe 23 Januari 2014, muda mfupi baada ya saa 6, moto uliwaka katika nyumba ya wazee ya Résidence du Havre, kwenye baridi kali sana. Mhudumu wa zamu alikuwa mmoja. Watu 32 walifariki. Sehemu ya zamani ya jengo, isiyokuwa na vinyunyizio, iliteketea. Sehemu mpya, yenye vinyunyizio na iliyotengwa kwa ukuta wa kuzuia moto, ilibaki imesimama. Ni nyumba moja na usiku mmoja, na tofauti ilikuwa ukuta na mabomba.

Marekani ilijifunza baada ya mwaka mmoja mchungu, 2003, ambapo moto uliua wazee 16 Hartford mwezi Februari na wengine 15 Nashville mwezi Septemba. Serikali kuu ikaamua kwamba kila nyumba ya uuguzi inayopokea fedha zake iwe na vinyunyizio kote kabla ya tarehe 13 Agosti 2013. Scotland ilitangulia kuvidai katika nyumba mpya mwaka uliofuata msiba wa Rosepark. England ilifika mwaka 2025, na agizo lake ni kwa majengo mapya tu. Maelfu ya wazee wanaendelea kulala katika yale ya zamani, na mimi sioni fahari yoyote katika kuchelewa huko.

"Tumeshafanya zoezi, sote tulitoka kwa dakika nne"

Saa ngapi? Nani alikuwepo? Kama lilikuwa Jumanne saa 5 asubuhi, mpishi yupo, msafishaji yupo, meneja yupo na wahudumu wanane wamejaa korido, zoezi hilo limepima nyumba isiyokuwepo usiku. Mpango unapimwa kwa idadi ndogo kabisa ya wahudumu, na saa ngumu kabisa.

Hakuna haja ya kuwaamsha wazee na kuwaburuta ili kufanya zoezi la kweli. Kufanya hivyo kunaweza kuwaumiza. Mwenzako alale kitandani, ajifanye mzito, miguu imelegea, asisaidie hata kidogo. Ninyi wawili mfungue mikanda ya shuka ya kuburutia na mmpeleke hadi nyuma ya mlango wa kanda inayofuata, saa ikihesabu. Mara ya kwanza mtagundua kwamba mikanda imefungwa upande wa ukutani, au kwamba godoro la hewa linapokatwa umeme linabonyea na kuwa gumu kushika, au kwamba kitanda hakipiti penye kabati. Andikeni muda huo. Muda huo mlioupata, mkiuzidisha kwa idadi ya wazee wa kitandani wa kanda, kisha mkaongeza dakika za wazee wengine na za kufika, ndio namba ya nyumba yenu. Haitafanana na namba ya nyumba ya jirani, hata kama wenye nyumba ni wamoja.

"Wazee wataamka kwa kengele na kutufuata"

Wengine. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, na mlio wa kengele nyingi ni mwembamba hasa. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kuisikia vizuri na kuelewa kitu kingine kabisa: kengele ya shule, king'ora cha vita vya utotoni mwake. Anaweza kwenda chini ya kitanda. Anaweza kurudi kuchukua mkoba. Aliyemzoea anajua neno la kumwinua. Mhudumu mgeni aliyeletwa na wakala wa ajira, aliyefika usiku huo kwa mara ya kwanza, hajui. Ndiyo maana kila mkazi anatakiwa kuwa na karatasi yake fupi: anatembea au la, anahitaji watu wangapi, kifaa gani, anaogopa nini, umwiteje. Na karatasi hiyo iwe mahali ambapo mgeni wa wakala ataiona kabla ya saa 4 usiku.

"Kwetu wazee hukaa na watoto wao, haya hayatuhusu"

Kwa wengi bado ni kweli kwamba bibi analala chumba cha mwisho nyumbani kwa mwanawe. Lakini Welezo, Unguja, kuna nyumba ya wazee. Kolandoto, Shinyanga, ipo. Nunge, Kigamboni, ipo. Pia kuna nyumba nyingine za kulala zenye watu wasioweza kujitoa wenyewe. Oktoba 2022, wilayani Mukono, Uganda, moto wa usiku katika shule ya wasioona ya Salaama uliua watu 11, wengi wao watoto. Asiyeona, asiyesikia, asiyetembea, na mtoto mdogo wana haja moja wakati wa moto: mtu mzima aliye macho, aliye karibu, mwenye ufunguo, na mlango wa pili.

Na bibi wa chumba cha mwisho naye yumo humu. Dirisha lake lina nondo dhidi ya wezi, mlango wa nje unafungwa kwa kufuli na ufunguo unalala chini ya mto wa baba mwenye nyumba. Mpimie dakika zake kama tulivyozipima katika mfano wetu: nani ataamka, nani atambeba, ufunguo uko wapi gizani. Namba ya zimamoto Tanzania ni 114, na ni vizuri hata mjukuu wa darasa la tatu aijue.

"Nikipiga namba ya dharura wanajua nilipo"

Si kweli, au si kweli vya kutosha kuuweka uhai wa mtu juu yake. Nyumba za wazee mara nyingi zina lango la mbele kwenye barabara moja na mlango wa huduma kwenye nyingine, na usiku mojawapo limefungwa. Mhudumu mgeni nchini analijua jina la kituo cha basi kuliko msimbo wa posta. Kwa hiyo anwani kamili ibandikwe juu ya kila simu, kwa herufi kubwa, pamoja na lango linalofunguliwa usiku. Ukipiga, sema mapema kwamba ni nyumba ya wazee, ni wangapi, na wangapi hawatembei. Maneno hayo yanaongeza magari yanayotumwa. Halafu, wazee wa kanda yenye moto wakishakuwa nyuma ya mlango, mmoja wenu ashuke langoni na funguo. Awe na orodha mkononi: nani yuko chumba kipi, nani ameshatolewa, nani bado.